JE, SIMU YA NYUMBANI YASTAHILI KULIPIWA?

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja, mfanyakazi wa reli, mbele ya wenzake wa Kwale na Pwani ya Kusini)

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza, nalo ni hili: kila mwisho wa mwezi maajenti hupita Ukunda, Diani hata Msambweni, wakitutaka tuweke simu ya nyumbani, ya waya au ya kisanduku, tulipe kila mwezi. Je, tulipe au tusilipe?

Sisi watu wa reli tusiichukue simu kama pambo. Neno lenyewe simu asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, waya wa simu ulikwenda pamoja nayo, kwa sababu bila habari kutoka stesheni ya mbele gari haliwezi kuondoka kwa salama. Katika kaunti yetu hii ya Kwale reli yapita Samburu, Taru na Mackinnon Road, na wazee waliofanya kazi huko wajua kwamba waya ule haukuwekwa kwa kuzungumza tu. Uliwekwa ili magari mawili yasikutane katika njia moja. Ulikuwa na kazi, na kwa ajili ya kazi hiyo ulistahili gharama yake. Basi nasi tuulize vivyo hivyo: waya wa nyumbani kwangu utafanya kazi gani?

Ndugu zangu, zamani swali hili halikuwako, maana simu yenyewe haikupatikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake la posta na simu, na mwaka 1999 shirika hilo likagawanywa, upande wa simu ukaitwa Telkom Kenya. Katika miaka hiyo simu za waya katika nchi nzima zilikuwa kama laki tatu tu. Huku kwetu zilikuwa katika mahoteli ya Diani, maofisi, hospitali, na nyumba za wenye nafasi. Tangu mwaka 2000 simu za mkono zikaenea upesi, na mwaka 2007 M-Pesa ikaja, hata pesa zikapita humo. Waya za shaba nazo zikakatwa na wezi mahali pengi. Kwa hiyo ajenti akikuambia leo habari za simu ya nyumbani, mara nyingi hasemi waya ule wa zamani. Asema faiba, yaani uzi wa kioo, au kisanduku kinachovuta mawimbi kama simu ya mkono.

Vitu hivi si kimoja. Waya wa shaba ulileta umeme wake wenyewe kutoka stesheni ya simu, hata stima ikipotea simu ililia. Kisanduku cha leo hula stima ya nyumba yako. Ikipotea, nacho hulala, ila uwe na betri. Kumbukeni usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoingia karibu nchi nzima. Tena mwezi wa Mei 2024 waya zilizo chini ya bahari ziliharibika, na intaneti ikalegea Afrika ya Mashariki. Sisemi kwamba kitu hiki ni kibaya. Nasema mnunuzi ajue anachonunua.

Sasa twende kwenye hesabu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe tia bei uliyoambiwa.

Tuchukue nyumba ya kwanza, iko Ukunda. Baba, mama, na kijana aliye chuoni. Kila mtu anunua bando la Sh. 40/- kwa siku. Watu watatu ni Sh. 120/-, na kwa siku thelathini ni Sh. 3,600/-. Ajenti aja na huduma ya Sh. 3,000/- kwa mwezi. Mtu atasema, nimeokoa Sh. 600/-. Ngoja kwanza! Baba avuka Likoni alfajiri, arudi usiku. Kisanduku hakivuki feri pamoja naye. Kijana naye yuko chuoni mchana kutwa. Kama watu hao watatu, wakiwa nje, bado watanunua bando la Sh. 20/- kila mmoja kwa siku, hiyo ni Sh. 1,800/- kwa mwezi. Ongeza zile 3,000/-, imekuwa Sh. 4,800/-. Nyumba hiyo haikuokoa kitu, imeongeza Sh. 1,200/-. Lakini kama mama ashona nguo nyumbani na kupokea kazi kwa simu, na kijana asomea nyumbani, na matumizi ya nje yameshuka chini ya Sh. 600/-, hapo huduma ile imejilipa yenyewe.

Nyumba ya pili iko Msambweni. Mzee na bibi, wanazungumza kwa Sh. 20/- kwa siku, yaani Sh. 600/- kwa mwezi. Kuwawekea huduma ya Sh. 3,000/- ni kulipa mara tano. Kwa mwaka ni Sh. 36,000/- badala ya Sh. 7,200/-. Tofauti ni Sh. 28,800/-, na hiyo ni karo ya mtoto.

Hata hivyo, nyumba hiyo ya pili ndiyo inayohitaji simu kuliko zote. Wengi wetu tuna simu moja nzuri, nayo twaibeba kwenda kazini. Usiku tuko zamu Changamwe au Miritini, na nyumbani mtoto apata homa, au bibi aanguka. Hospitali ya Msambweni iko, majirani wako, lakini nani atawaita? Nyumba haina simu. Mwenye simu ndiye ameondoka nayo. Dawa yake si lazima iwe waya. Nunua simu ndogo ya vibonye, ile mulika mwizi, yenye laini yake. Itundike ukutani mahali pamoja, na mtu yeyote asiiondoe. Andika ukutani kwa herufi kubwa namba yako, ya jirani, ya mwenye gari, na 999 na 112. Itie salio kidogo kila mara, maana laini isiyotumika huweza kufungwa. Ichajiwe kila jioni. Hiyo ndiyo simu ya nyumbani kwa mtu wa mshahara mdogo.

Na wewe ambaye hesabu yako yaonyesha kwamba huduma ya kila mwezi yakufaa, usitie sahihi kabla ya kuuliza haya:

1. Bei hiyo imetiwa kodi ya VAT ya asilimia 16, au itaongezwa baadaye?
2. Kisanduku ni changu au ni cha kampuni? Nikiacha, nitadaiwa?
3. Nikikosa kulipa mwezi mmoja, huduma itakatwa tu, au deni litaendelea?
4. Ikiharibika, fundi atatoka wapi, na baada ya siku ngapi? Siku zilizopotea nitarudishiwa?
5. Nikihama nyumba ya kupanga, itanifuata?
6. Ina namba ya kupigiwa, au ni intaneti tupu? Nyingi hazina namba.

Majibu yawe katika karatasi. Neno la mdomoni halisimami mbele ya kampuni, kama vile sisi tusivyokubali ovataimu ya mdomoni. Ukidhulumiwa, iandikie kampuni kwanza, uweke nakala. Wasipokujibu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Ndugu Mwenyekiti, naomba mkutano huu uchague watu watatu, mmoja wa Ukunda, mmoja wa Msambweni, mmoja wa Kwale, wakusanye bei na masharti ya kila kampuni, yachapwe katika gazeti letu hili. Mtu mmoja mbele ya ajenti ni mnyonge. Lakini watu arobaini wanaouliza maswali yale yale watajibiwa kwa adabu.

Sasa nakaa, mwenye swali aulize.