Hezekia na Mkate wa Tini

Somo letu la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 20. Lisomeni nyumbani pamoja na jamaa yenu.

Mfalme Hezekia aliugua, akaambiwa kwamba atakufa. Akageuka ukutani, akaomba na kulia. Mungu akamsikia, akamwongezea miaka 15. Lakini liko jambo ambalo mara nyingi twalipita upesi. Baada ya ahadi hiyo, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu lake. Ahadi ilitangulia, dawa ikafuata. Hezekia hakusema, “Kwa kuwa nimeahidiwa, tini ni za nini?”

Sisi wa Oyugis twahitaji sana somo hili. Ukimwi ulitambuliwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1984. Baadaye ulipotuvamia, wengine wetu waliuita chira, wengine ayaki, na Jumamosi baada ya Jumamosi tulikuwa makaburini. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali katika hospitali ya Homa Bay. Watu waliopelekwa huko kwa machela wakarudi kulima mashamba yao.

Siku moja mama mmoja, muuza viazi vitamu sokoni, alitujia akiwa na huzuni. Alikuwa ameishi na virusi miaka mingi bila kuugua. Mhubiri mmoja alimwambia kwamba amekwisha kupona, atupe vidonge. Akatuuliza, “Wachungaji, nikimeza dawa, Mungu ataona simwamini?” Tulinyamaza kwanza kwa aibu, maana neno lililomtesa lilitoka mimbarini.

Ni kweli, ndugu zetu, wako watu wanaoishi na virusi miaka mingi bila dawa na bila kupata Ukimwi. Wataalamu wamewachunguza. Wale ambao miili yao huvibana virusi hata visionekane katika vipimo vya kawaida ni wachache mno, hawafiki mmoja katika mia. Hata hao, virusi vimejificha ndani yao, na wengine nguvu hiyo huwaishia baadaye. Kwa hiyo nao hushauriwa kutumia dawa.

Tena, hakuna ajuaye kwamba yu miongoni mwao kwa kujitazama katika kioo. Wengi wasiotumia dawa huweza kukaa miaka minane au kumi wakiwa wazima kwa macho, huku virusi vikiwamaliza askari wa damu kimyakimya. Ni kama mchwa ndani ya nguzo ya nyumba: kwa nje nguzo ni nzima, mpaka siku ya dhoruba. Ndiyo sababu tangu mwaka 2016 Kenya humpa dawa kila anayepatikana na virusi, bila kungoja augue.

Anayemeza kidonge chake kila siku huweza kufikia hali ambayo virusi havionekani katika kipimo cha damu. Akidumu hivyo, hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Lakini hajaondokewa navyo. Akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi kwa muda wa wiki chache tu.

Basi, tulifungua Biblia pamoja na yule mama, tukamsomea habari za Hezekia. Tukamwambia: afya yako ya miaka hii ni jibu la maombi, na kidonge ni mkate wako wa tini. Jumatatu alirudi kliniki. Nasi tulibaki tukijiuliza: ni wangapi waliosikia neno kama lile, nao hawakuja kuuliza?

Mpenzi msikilizaji, ikiwa umeacha dawa, rudi leo, usione haya. Ikiwa hujapimwa, nenda ukapimwe. Nasi tulio makanisani, tusimnyoshee mtu kidole, wala tusimwahidi kupona kwa kumnyang’anya dawa.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwongezea Hezekia miaka, utusamehe sisi tuliosema pasipo hekima. Uwatie nguvu wote wamezao dawa asubuhi na jioni. Utufundishe kuzipokea siku zetu kwa shukrani, na kuzitunza. Amina.