Muline Moja Imara Kuliko Tatu za Kuvunjika

Maneno ya kikundi cha wavuvi kwenye mkutano mkuu wa wamemba, Baraka



Komite ilitupa swali moja tulijibu mbele yenu. Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani, Kanada na Australia wanauliza hivi: "Tuko na makuta kidogo. Tunataka kuwatumia wavuvi wa chama muline za kuvulia kwa chambo bandia. Tutume za namna gani?" Wengine wameanza kututumia picha kwenye simu. Leo nyekundu, kesho ya bluu, kesho kutwa ile iliyoandikwa beringi kumi na nane. Tukijibu "yoyote", tutapata yoyote. Na kitu cha yoyote kikivunjika hapa Baraka, hakuna duka la kukirudishia.

Kwa wale ambao si wavuvi: muline ni mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, ikavingirisha uzi. Chambo bandia ni samaki wa uongo, wa chuma au plastiki au mti, mwenye ndoano. Unamtupa mbali, unamvuta, na samaki wa kweli anadhani ni ndagala anayekimbia.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mnajua wenyewe tulivyorudi. Tangu mashua za HCR zilipoanza kutushusha hapa mwaka 2005, kila familia ilikuta shamba lenye msitu na nyumba isiyo na bati. Waliokuwa wavuvi kabla ya vita walikuta ziwa liko palepale, lakini vyombo hakuna. Katamaran yenye nyavu, taa na mota ni mali ya tajiri, na inataka watu wengi wa kuiendesha. Nyavu ya kununua kwa deni inaweza kuibiwa usiku mmoja. Kokoro na nyavu za mbu zinabeba hata watoto wa samaki, na sheria inazikataza. Mtu mwenye uzi na ndoano anahitaji mtumbwi mdogo tu, au hata jiwe la kusimamia. Njo maana uvuvi wa uzi ni mlango wa maskini. Lakini mlango huo ukifungwa na kifaa kibovu, mtu amepoteza siku, na watoto wamelala na njaa.

Tuanze na maji, halafu tufike kwenye mashine.

Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, mita 1,470 pale panapozidi. Mtu akisikia hivyo anadhani anahitaji uzi wa kilomita. Hapana. Huku kaskazini hewa ya oksijeni ndani ya maji inaishia karibu mita 100. Chini ya hapo samaki hawaishi. Kwa hiyo samaki wetu wote wako kwenye ile sehemu ya juu, na wale wanaokimbilia chambo bandia wakati wa mchana wako karibu zaidi: kwenye mawe ya Ubwari, pembeni mwa Ghuba la Burton, na pale mto Mutambala unapoingia ziwani.

Ni samaki gani? Sangala, anayejificha kwenye mawe na kuvuta kwa nguvu. Kuhe, anayeweza kufika sentimita 80. Kibebe, yule mwenye meno ya mbwa, anayekata uzi mara moja usipoweka kipande cha waya mbele ya chambo. Na migebuka, ambao wanafuata ndagala katikati ya ziwa.

Hapa tuseme wazi, ili wasaidizi wetu wasidanganyike. Kwa migebuka ya usiku, muline haitusaidii. Mvuvi anashusha uzi wa mkono wenye ndoano nyingi chini ya taa, anautikisa, anaupandisha. Mikono yake inatosha, na uzi umevingirishwa kwenye kibao. Mtu asinunue muline kwa kazi hiyo. Muline ni ya kazi ya mchana: kutupa mbali ukiwa kwenye jiwe au ndani ya mtumbwi, na kumshika samaki mkubwa asikimbilie ndani ya mawe.

Kuna muline za aina mbili mnazoziona kwenye picha. Ya kwanza ngoma yake ya uzi haizunguki wakati wa kutupa. Uzi unaruka tu kutoka pembeni. Hiyo ni rahisi kujifunza, na ni nzuri kwa chambo chepesi. Ya pili ngoma yake inalala juu ya fimbo na inazunguka yenyewe wakati chambo kinaruka. Hiyo ndiyo ndugu zetu wanauliza. Kuijifunza inachukua siku kadhaa, kwa sababu ngoma ikizunguka haraka kuliko chambo kinavyoruka, uzi unafungana kama nywele ambazo hazijachanwa. Lakini ikishazoeleka, inatupa chambo kizito pale unapotaka, na inavuta samaki mkubwa kwa nguvu, maana uzi unaingia moja kwa moja kwenye ngoma bila kupinda kona.

Kuna jambo jingine la kuipendea. Mashine hii imezaliwa mikononi mwa mafundi wa saa. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, huko Kentucky, Marekani, fundi wa saa aliyeitwa George Snyder alitengeneza muline ambayo ngoma yake ilizunguka mara nyingi kwa mzunguko mmoja wa mkono. Huko Sweden, kampuni ya ABU, iliyoanza mwaka 1921 na kutengeneza saa, ilitoa muline ya Ambassadeur miaka ya 1950, na mpaka leo zile za duara zinafanana sana na za zamani. Maana yake kwetu ni hii: muline ya duara ya namna hiyo inafunguliwa kwa bisibisi, ndani yake unaona meno, springi na sahani za freni, na fundi wa saa au wa baiskeli hapa Baraka anaweza kuielewa. Hatusemi mnunue jina hilo tu. Tunasema tafuteni umbo hilo: la duara, la chuma, lenye skrubu zinazoonekana.

Sasa tuingie kwenye mambo ya kuangalia. Tumeyapanga kwa namba ili mtu aweze kuyasoma kwenye simu akiwa dukani.

1. Mwili. Uwe wa chuma au alumini. Shika pande mbili, uminye na kuupindisha kidogo. Ukisikia inalia au inacheza, rudisha. Plastiki ikipinda, meno ya ndani hayakutani tena vizuri.

2. Ngoma. Ichukue angalau mita 150 ya uzi wa nailoni wa milimita 0.35. Bonyeza kitufe cha kuachia, zungusha ngoma kwa kidole. Izunguke kwa utulivu, bila kutikisika wala kukwaruza. Nafasi kati ya ngoma na mwili iwe ndogo, la sivyo uzi mwembamba utaingia mle na kukatika.

3. Freni ya kutupa. Hii ndiyo inazuia uzi usifungane. Nyingine zinatumia sumaku, nyingine vipande vidogo vinavyosukumwa nje na mzunguko. Zote zinafaa. Kwa anayejifunza, ile ya kurekebisha kwa nje bila kufungua ni bora. Na ninyi mnaojifunza, msisahau: freni ya kwanza ni kidole gumba chako.

4. Freni ya samaki. Ni ile nyota iliyo karibu na mkono. Ikaze, halafu mtu mwingine avute uzi polepole kwa mkono. Uzi utoke kwa mwendo mmoja, kama mafuta. Ukitoka kwa kushtuka-shtuka, sangala ataukata siku ya kwanza.

5. Meno ya ndani. Yawe ya shaba nyeusi au shaba njano iliyo nene. Mkono ukizunguka mara moja, ngoma izunguke kama mara tano. Wauzaji wanasifu zile za mara saba na nane, juu ya mbio. Mbio ni nzuri kwa wanaoshindana. Sisi tunataka nguvu ya kuvuta.

6. Mkono. Uwe mrefu kiasi, na vishikio vikubwa. Mikono yetu ni ya kasia, si ya kalamu. Na mtumaji aulize kwanza: mvuvi anazungusha kwa kulia au kwa kushoto? Muline nyingi haziwezi kubadilishwa upande.

7. Beringi. Msizihesabu. Beringi nne nzuri ni bora kuliko kumi na nane za bei ya chini, kwa sababu kila beringi ni mlango wa mchanga, na ufuko wetu ni mchanga mtupu.

Kuhusu bei: muline ya duara iliyo imara huko Marekani inauzwa kama dola 80 hadi 150. Zile za dola 30 zipo, zinang'aa, na kwa samaki mdogo wa bwawa zinatosha. Mtu akiwa na dola 100, shauri letu ni anunue moja, asinunue tatu. Iliyotumika lakini haijavunjika, ikipita ile mitihani ya mkono, tunaipokea kwa furaha.

Tena, muline peke yake ni kama cherehani bila uzi. Tunaomba ifuatane na fimbo fupi yenye nguvu, nailoni ya akiba, waya mwembamba wa kuzuia meno ya kibebe, na ndoano za kubadilisha. Chambo bandia cha bei kubwa msitume. Kijiko cha chuma kilichokatwa mpini, kikatobolewa matundu mawili na kusuguliwa mpaka king'ae, kinafanya kazi. Vijana wetu wanajua kuvitengeneza, na kikibaki kwenye mawe hakuna atakayelia. Ila kiwe na uzito wa gramu 15 na zaidi. Kilicho chepesi sana hakiwezi kuzungusha ngoma ya aina hii.

Utunzaji ni wa kila siku. Muline haiwekwi mchangani. Jioni inapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu, nyota inalegezwa, na tone moja la mafuta ya cherehani linawekwa kwenye ncha za ngoma. Tone moja, si kumwagia. Sahani za freni haziguswi na mafuta hayo.

Kuna mambo mawili ya heshima kwa ziwa. La kwanza ni kuhe. Baba na mama wa kuhe wanalinda watoto wao pamoja, na wakiwa hapo wanauma kitu chochote kinachokaribia, hata bila njaa. Ukiona wingu la watoto wa samaki na wakubwa wawili juu yake, tupa pengine. Ukiwatoa hao wawili, kizazi kizima kinaliwa upesi. La pili ni miezi ya kupumzisha ziwa. Nchi nne za ziwa hili zilikubaliana juu ya mapumziko hayo, na wenzetu wa Tanzania walifunga upande wao kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Kila mwaka tupite kwenye ofisi ya uvuvi kuuliza tarehe kabla ya kutoka, hata kama tuna fimbo moja tu.

Mwisho, tunaleta pendekezo letu, na tunaomba mlipigie kura leo.

Muline zitakazofika ziwe mali ya chama. Kila moja ipewe wavuvi wawili, na wajane wenye mtumbwi wawe wa kwanza kuchagua kijana wa kuvua naye. Kabla ya kwenda majini, kila mmoja ajifunze kutupa kwenye uwanja, na jiwe dogo badala ya ndoano, mpaka uzi uache kufungana. Sehemu ya samaki iingie kwenye kisanduku cha chama, kiasi mtakachokubaliana ninyi, kwa ajili ya nailoni na vipuri. Vijana wawili wafundishwe kufungua na kusafisha. Na kwenye kila gazeti tutawaandikia wasaidizi: muline ngapi zinafanya kazi, ngapi zimelala, na kwa nini.

Anayetoa dola 100 huko mbali amezitoa jasho, wengi wakifanya kazi za usiku kwenye viwanda. Anastahili kujua kuwa kitu alichotuma bado kinazunguka. Na mama anayengoja ufukweni na beseni yake anastahili kifaa ambacho hakitamwangusha mtu wake siku ambayo sangala amekubali kuuma.

Tumemaliza. Maswali yaanze, na mwenye muline ya zamani nyumbani ailete hapa mbele tuifungue pamoja.