HOTUBA YA IJUMAA: HAKI YA FUNDI WA MKONO

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, hasa katika mali za watu.

Palikuwa na mhunzi mjini Makka, Khabbab bin al-Aratt, Mwenyezi Mungu amridhie, mtu mnyonge asiye na ukoo wa kumtetea. Al-As bin Wail, mkubwa wa Makureshi, akamwagiza kazi. Kazi ikaisha, malipo hayakuja. Khabbab alipokwenda kudai, akaambiwa hatalipwa mpaka amkane Muhammad. Akakataa. Ndipo yule mkubwa akamkejeli kuwa atamlipa huko huko baada ya kufufuliwa, kwani atakuwa na mali na watoto. Kwa kejeli hiyo ziliteremka aya katika Sura ya Maryam.

Ndugu zangu wa Didia, nanyi mnaosikiliza majumbani, sisi hatumwambii fundi aache dini yake. Twamwambia, "Njoo tukishauza pamba."

Mimi mwenyewe nina la kukiri. Niliagiza mikeka sita ya madrasa kwa mama mmoja wa hapa, nikampa ahadi tupu. Akanunua vifaa kwa fedha yake, akasuka, akaleta. Nikamlipa nusu, nusu ya pili ikakaa miezi mitatu, nami nikisalimiana naye njiani kila siku. Nilipomwendea tena kuagiza mingine, akanijibu kwa adabu, "Shehe, nimeacha kusuka." Siku hiyo nilikifungua upya kitabu ninachowasomesha vijana.

Maulamaa wa Kishafii, ambao wengi wetu twawafuata, wanaihesabu agizo la kitu kisichokuwapo bado kuwa ni biashara ya salam, na sharti lake ni bei kutolewa pale pale penye mapatano. Maulamaa wa Kihanafi wamelegeza, wakaruhusu agizo la kazi bila ya kutanguliza bei yote. Lakini hakuna madhehebu yanayomruhusu mwenye uwezo kuchelewesha deni lililofika muda wake. Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji huo dhuluma.

Wala msidhani jambo hili ni dogo. Katika karne ya 19 Warongo wa Uzinza, pande za Geita ya leo, walikuwa wakiyeyusha mawe yenye chuma na kufua majembe. Majembe hayo yalibebwa mpaka Usukuma, yakalimia mashamba, yakatolewa hata mahari. Yalipokuja ya viwanda vya Ulaya kwa bei nafuu, tanuri zikazimika moja baada ya moja. Leo nchi hii hii yatoa dhahabu Geita na almasi Mwadui, na mhunzi wetu aokota springi za magari mabovu ili afue kisu. Serikali iliunda SIDO mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na ni jambo jema. Lakini SIDO haiwezi kukununulia chungu wewe.

Fundi naye ana wajibu. Chungu chenye ufa usikipake majivu kuuficha. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini, akamkemea muuzaji.

Basi anayehitaji mpini, kinu au kikapu, aanze kwa jirani kabla ya kwenda dukani. Asimpunguzie bei kwa sababu amemwona ana njaa. Aliyekwisha agiza, atoe fedha ya vifaa leo. Ama mama wa mikeka, nimemlipa, nimemwomba radhi naye amesamehe, kusuka hajarudia.

Nasema kauli yangu hii, nami namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu.