Mbwa Mnene Si Lazima Awe Mzima

Mji wa Gisenyi nchini Rwanda umegusana na Goma ya Kongo; kati yao upo mpaka tu. Mbwa hukatiza, na kupe aliyemng'ang'ania haulizwi hati ya kusafiria.

Kupe wa mbwa, mwenye rangi ya kahawia, huweza kumwambukiza babesia, kimelea kikaacho ndani ya chembe nyekundu za damu, au ehrlikia, bakteria aliyetambuliwa nchini Algeria mwaka 1935. Mbwa aliyelala hoi hupelekwa kwa bwana mifugo. Wa kuogopwa zaidi ni yule alaye vizuri na kubweka usiku kucha. Ehrlikia huweza kujificha mwilini mwake kwa miezi, hata miaka, na kupe mchanga amnyonyaye huuchukua ugonjwa, baadaye akaupeleka kwa mbwa wa jirani.

Kwa hiyo macho hayatoshi. Yafaa damu ipimwe. Tone litokalo kwenye ncha ya sikio hupakwa juu ya kioo, likatiwa rangi ya Giemsa na kutazamwa kwa hadubini. Lakini vimelea vikiwa vichache, hadubini nayo huweza kupitwa. Hapo hutakiwa kipimo cha vinasaba.

Kipimo hicho ni ghali, na si kila mfugaji atakayekimudu. Lakini kumkagua mbwa masikioni na katikati ya vidole, na kumwogesha dawa ya kupe, ni kazi ya kila mwenye mbwa, wa Gisenyi na wa Goma pia. Wahenga walikwisha kusema: kikulacho ki nguoni mwako.