Leta Haina Dini, Sisi Tunayo

 

Mazungumzo ya leo yanahusu dini na Leta. Nimeyachagua kwa sababu ya maswali mawili ambayo sisi tunaofundisha raia tunaulizwa kila tunapopita. La kwanza: «Katiba inasema Leta ya Kongo haina dini. Je, si ndiyo sababu Mungu ametupa mgongo?» La pili huulizwa kwa sauti ya chini: «Wanaotuchinja wanataja Uislamu. Kwa nini basi tuwapokee Waislamu katika kambi yetu?»

Tuanze na la kwanza. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika utangulizi wake, inasema kwamba sisi Wakongomani tunajua madaraka yetu mbele ya Mungu, mbele ya taifa, mbele ya Afrika na ulimwengu. Mungu ametajwa, tena wa kwanza. Kisha kipengele cha 1 kinasema kwamba Leta haifungamani na dini yoyote. Watu wanaona hapo maneno mawili yanayopigana. Mimi niliyesoma sheria sioni vita. Wananchi wanamwamini Mungu, kila mmoja kwa njia yake. Lakini Leta haina roho ya kuokolewa, haibatizwi wala haitahiriwi. Kazi yake ni kulinda wote. Ikichukua dini moja kuwa yake, wengine wanakuwa wageni katika nchi yao.

Hilo si jambo la kubahatisha. Tumelipitia hapa hapa.

Tarehe 26 Mei 1906, Leta ya mfalme Leopold wa Pili ilifanya mapatano na Roma. Misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, hekta 100 hadi 200 kwa kila misioni, nazo zikapaswa kujenga shule ambazo mafundisho yake yangetazamwa na Leta. Tuseme kweli: shule hizo zilitufundisha kusoma, na wengi wenu mnaonisikiliza mlisoma humo, au wazazi wenu. Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuitwa mezani. Waprotestanti, kwa upande wao, walingoja msaada wa Leta kwa shule zao mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mtoto alipimwa kwa dini ya mwalimu wake.

Sasa tazameni jambo la Simon Kimbangu, maana huko ndiko Leta yenye dini inapoonekana vizuri. Alikuwa mkatekista wa Kibatisti wa kijiji cha Nkamba, huko Kongo ya Chini. Mwezi wa Aprili 1921 alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa, na watu wakaacha kazi za wazungu wakamfuata kwa maelfu. Hakubeba bunduki. Alikataza sanamu za uchawi, ngoma na wake wengi, mambo yale yale ambayo wamisionari walikuwa wanayakataza miaka yote! Kosa lake lilikuwa kuhubiri bila ruhusa ya mzungu. Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe mikononi mwa wakubwa. Akahukumiwa na korti ya kijeshi, bila wakili wa kumtetea, na tarehe 3 Oktoba 1921 akapewa hukumu ya viboko 120 na kifo. Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alikufa gerezani Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Hesabuni wenyewe: miaka 30. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu mbali na makwao, familia kwa familia. Ninyi mlio kambini mnajua hilo lina uzito gani. Kanisa lao lilikubaliwa na Leta mwezi wa Desemba 1959 tu, miezi sita kabla ya uhuru.

Na huku Mashariki, Wakitawala nao walikatazwa. Mwaka 1944, kutoka Masisi hadi upande wa Lubutu, waliinuka nyuma ya mtu aitwaye Bushiri, wakachoka na kazi ya nguvu ya mpira wakati wa vita vya wazungu. Hapo damu ilimwagika pande mbili. Sisemi kwamba kila aliyekatazwa kuomba ni mtakatifu. Ninasema kwamba Leta iliyokataza maombi haikupata utulivu iliyoutafuta.

Kwa upande mwingine, hatuwezi kusimulia kuzaliwa kwa taifa hili bila dini. Kasa-Vubu, rais wetu wa kwanza, alisomea upadri kabla ya siasa. Mwaka 1956, barua ya wazi ya gazeti la Conscience Africaine, iliyodai kwamba Wakongomani waongoze nchi yao, iliandikwa na Wakatoliki Wakongomani, na Joseph Iléo kati yao. Padri Malula alikuwa karibu nao. Huyo Malula alipokuwa kardinali, Mobutu alimkasirikia kwa ajili ya siasa ya uhalisi, iliyokataza majina ya Kikristo, na mwaka 1972 akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mwisho wa 1974 shule za makanisa zilichukuliwa na Leta. Zikaharibika haraka, na mwezi wa Februari 1977 Leta ikazirudisha kwa mapatano na makanisa. Chama kilikuwa kimejaribu kuwa dini, kikashindwa hata kununua chaki.

Wazee wanakumbuka tarehe 16 Februari 1992, wakristo wa Kinshasa walipotembea barabarani na misalaba na rozari kuomba Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena. Askari walipiga risasi, watu wakafa. Lakini mkutano ulifunguliwa mwezi wa Aprili, chini ya askofu mkuu Monsengwo. Na sisi wa Kivu hatumsahau askofu mkuu Munzihirwa, aliyeuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996, baada ya kusema waziwazi kwa ajili ya wakimbizi na wananchi wakati wengine walikuwa wanakimbia. Juzijuzi, mwanzo wa 2025, maaskofu Wakatoliki na wapasta wa Kanisa la Kristo la Kongo walishikana mikono wakaenda kuzungumza na pande zote, serikalini na kwa waasi. Walilaumiwa na wengi. Mimi nadhani waliweza kwenda huko kwa sababu hawakuwa mali ya upande wowote.

Sasa swali la pili, lililo gumu zaidi.

Vita hupenda kuvaa nguo za dini. Mwaka 1964 Wasimba walipewa dawa na maji, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Vijana wengi walikwenda mbele ya bunduki wakiitikia jina la Mulele, wakaanguka. Mambo hayo yaliwapata Watanganyika miaka sitini mbele yao, katika vita vya Maji Maji. Mpaka leo kuna watu wanaopita usiku wakiwaahidi watoto wetu dawa za namna hiyo. Mzazi, sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto inakataza kabisa kumwingiza mtoto katika kundi lenye silaha, iwe kwa dawa, kwa maombi au kwa franga.

Kundi la ADF, lililotoka Uganda na kukaa katika misitu yetu ya Beni tangu miaka ya 1990, limechukua bendera ya ile inayoitwa Dola la Kiislamu. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi wakati wa ubatizo. Mwezi wa Julai 2025, watu waliokuwa katika mkesha wa sala waliuawa katika parokia ya Komanda. Sitawaambia msikasirike.

Lakini ongezeni jambo moja kwenye hesabu hiyo. Tarehe 1 Mei 2021, ndani ya Ramadhani, imamu Ali Amini alipigwa risasi msikitini mjini Beni akiwa katika sala. Alikuwa anasema wazi kwamba wauaji hao wanapotosha dini yake. Kabla mwezi huo haujaisha, imamu mwingine aliuawa Mavivi. Mama Mwislamu anayefika kambini na watoto wake wanne anakimbia kisu kile kile. Na ukristo usijione safi mno: Rwanda, mwaka 1994, watu walichinjwa ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyarubuye, na wauaji wengi walikuwa wamebatizwa. Korti ya Arusha ilihukumu padri na pasta.

Basi sheria inasema nini? Kipengele cha 22 cha Katiba kinampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, peke yake au pamoja na wenzake, mradi aheshimu sheria, utulivu wa watu, desturi njema na haki za wengine. Kwa hiyo mhubiri anayepiga mikrofoni usiku kucha katikati ya wagonjwa hawezi kujificha nyuma ya kipengele hicho. Na hapa ninaomba mashefu wasikilize sana. Mwezi wa Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Wengine wakadhani kwamba haki zote zimelala. Hapana. Kipengele cha 61 kinataja haki ambazo haziguswi hata katika hali hiyo: uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea, na uhuru wa dini umo ndani. Kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, ya mwaka 1998, inaulinda pia kwa ajili yenu.

Kwa kazi ya kila siku, maana yake ni hii. Anayeandika orodha ya unga na mafuta haulizi mtu anasali wapi. Pasta aliyekabidhiwa hema la darasa halifanyi kanisa lake. Kamati inayopanga mahali pa makaburi inawaita wote, kwa sababu Waislamu huzika upesi na hawawezi kungoja kikao cha Ijumaa. Na mtu akishukiwa kushirikiana na waasi, anashukiwa kwa alichofanya, mbele ya mwenye mamlaka ya kumhoji, si kwa kanzu yake.

Katika mazungumzo yajayo tutasoma kipengele cha 34, juu ya mali na mashamba ambayo wengi wenu mmeyaacha nyuma. Walio na hati ya shamba, hata iliyochanika, wawe nayo karibu tutakapozungumza.