Aliyeacha Kliniki Huenda Ana Kiwewe
Hotuba kwa wahamasishaji wa afya ya jamii



Hakosekani kijijini mtu anayeishi na VVU ambaye huitwa mkaidi. Tarehe ya kuchukua dawa inapita, simu hapokei, na mhudumu akibisha hodi hafunguliwi. Kabla ya kumlaumu, aulizwe kwa upole: ni nini kilichompata?

Huenda ni mama aliyepigwa siku aliyomweleza mumewe majibu ya kipimo. Tangu hapo, kila akiona chupa ya dawa, siku ile humrudia kana kwamba ni leo. Usiku huota ndoto za kutisha; mchana hushtuka mlango ukigongwa. Kliniki nayo huikwepa kwa kuwa inamkumbusha. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, si ukaidi wala si kurogwa. Ni ugonjwa wa kiwewe, nao hutibika.

Ushahidi upo hapa Kenya. Kisumu, wanawake 256 wanaoishi na VVU, waliopitia ukatili wa kijinsia na kuugua kiwewe pamoja na msongo wa mawazo, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Nusu yao waliongezewa, juu ya huduma za kawaida, vikao 12 vya ushauri, kimoja kila wiki. Washauri hawakuwa madaktari wa akili, bali watu waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa. Baada ya miezi 3, kundi hilo lilikuwa limepata nafuu kuliko wenzao.

Ushauri huo hutazama mahusiano: kufiwa, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha au upweke. Mgonjwa na mshauri huchagua tatizo moja, kisha hutafuta njia ya kulikabili na watu wa kumshika mkono.

Kwa hivyo, msikilizeni mgonjwa faraghani. Msimlazimishe kusimulia yaliyompata, wala siri yake isitoke nje. Mpelekeni kituo cha afya. Akiandikiwa dawa za akili, amweleze daktari ni ARV gani anazotumia, kwa sababu baadhi ya dawa huingiliana. Kama bado anapigwa, usalama wake ndio wa kwanza: nambari 1195 hupigwa bila malipo.

Aliyepotea kliniki anaweza kurudi, iwapo atakayebisha hodi kwake hatakuja na lawama.