Baisikeli ya Kufaa Njia za Mchanga
Hotuba kwa waendeshaji wa Kocholia, Busia na Malaba

Jina la boda boda, lijulikanalo sasa katika Afrika ya Mashariki yote, lilizaliwa hapa mpakani katika miaka ya 1960, vijana walipoanza kuwapakia abiria nyuma ya baisikeli na kuwavusha kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Baadaye pikipiki ililitwaa jina hilo. Walakini baisikeli haijaondoka, na kwa mtu aitegemeaye kwa chakula cha watoto, siku inayolala kwa fundi ni siku isiyo na mapato. Kwa hiyo la kuuliza dukani si kama inang'aa, bali itaharibika mara ngapi.

Katika lami baisikeli yoyote huenda. Taabu huanza katika njia za ndani za kuelekea Kocholia, penye udongo wa mchanga. Watu wa Malindi na Lamu waijua taabu hiyo, tena wao huongezewa chumvi ya bahari ilayo chuma.

Mchanga hushindwa kwa tairi pana. Baisikeli nyeusi ya zamani ina magurudumu ya inchi 28 na tairi za inchi 1½. Ni imara ajabu, lakini tairi zake huukata mchanga kama kisu na kuzama. Mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago, Marekani, ilitoa baisikeli yenye tairi za upana wa zaidi ya inchi 2, na upana huo hupatikana hata leo kwa magurudumu ya inchi 26. Haziingii katika uma wa baisikeli nyeusi. Mnunuzi apime kwanza. Upepo nao usijazwe mpaka tairi iwe jiwe, ili ipate kutandaa juu ya mchanga. Akipakia abiria, auongeze. Tairi laini chini ya mzigo huubana mpira wa ndani kwenye rimu na kuutoboa.

Gia nyingi hazina kazi mahali pasipo na milima mikubwa. Vyuma vyake vyembamba hushika mchanga na kupinda upesi. Gia moja yatosha: meno 44 mbele na 22 nyuma, hata pedali ikizunguka mara 1 gurudumu lizunguke mara 2. Fremu iwe na nafasi ndefu ya kulala pale ekseli ya nyuma inaposhikwa, kwani bila hiyo mnyororo ukilegea hauwezi kuvutwa. Wengi hulisahau jambo hili, wakagundua wakiwa wamekwisha kulipa.

Mnyororo ndio ulao fedha. Mtu akiumwagia mafuta mengi akidhani anautunza, anautengenezea mchanga gundi. Tone moja katika kila kiungo latosha, kisha nje upanguswe ukauke. Na kifuniko chake kisitupwe, hata kikipiga kelele. Viungo 24, kutoka pini hadi pini, hupimwa inchi 12 kamili. Kipimo kikizidi kwa sehemu 1 ya 16 ya inchi, mnyororo ubadilishwe mara moja, kwa maana ukiachwa utakula na meno, na hapo gharama huwa mara mbili.

Kuhusu breki, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume imefichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, mchanga hauifikii kwa urahisi. Breki za fito husuguana na rimu, na mchanga wenye maji huzila. Lakini fundi yeyote chini ya mwembe aweza kuzitengeneza. Achukuaye abiria afadhali awe na zote mbili, ya kukanyaga nyuma na ya mkono mbele.

Gurudumu la nyuma liwe na spoki nene, 40 zikipatikana. Na baisikeli ikivushwa mtoni mpaka maji yafunike vitovu, vifunguliwe jioni ile ile, golori zioshwe kwa mafuta ya taa na kupakwa grisi mpya, kabla mchanga haujaanza kusaga.